Mbwa Wangu Asiyechoka

Mimi ndiye niliyesema mbwa wangu hachoki, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hata leo nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Alikuwa na miezi minne. Asubuhi akitoka nje, hapa kwetu mjini Baraka, ilikuwa fujo tupu: anazunguka nyumba mara tano, anapindua beseni la vyombo, anavuta nguo kwenye kamba, anafukuza pikipiki mpaka barabarani. Halafu, pu! Anaanguka kivulini na kulala mpaka mchana. Usingizi ule niliuona kila siku. Lakini nani anasifia usingizi? Mimi nilisifia mbio.

Kaka yangu mkubwa, mwindaji, ambaye namwita yaya, alishuka kutoka milima ya Fizi kutusalimia. Alimtazama yule mtoto wa mbwa akikimbia, akasahau hata kutua begi lake.

"Dada, hii mbwa iko na nguvu!"

"Yaya, huyu hachokake hata kidogo!" nikajibu, kichwa juu, utadhani nimemzaa mimi.

Basi. Kesho yake akasema anaenda naye kuwinda.

"Angali mutoto, yaya. Analalaka sana."

Akacheka. "Analala juu ya vile unamubembeleza. Tutamutoa uvivu."

Nikamwachia. Ni mkubwa wangu, na kusema kweli, sifa zilikuwa zimenilewesha.

Huko juu milimani, yeye na wenzake wakamfunga kengele ya mti shingoni, kama wanavyowafunga mbwa wakubwa wa kuwinda, wakamwingiza porini. Kutwa nzima, kupanda na kushuka. Kaka mwenyewe alinisimulia, bila haya: mtoto alianza mbele ya wote, saa nne akalala katikati ya njia, wakamwamsha kwa fimbo. Akalala tena. Fimbo tena. Mara ya tatu alikimbia mpaka miguu ya nyuma ikakataa.

Kaka akanirudishia mbwa kwa pikipiki, ndani ya mfuko wa mihogo, kichwa nje. Nyayo zote zimechunika. Nilimwosha kwa maji ya chumvi huku nikilia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwanza, kaka au huu mdomo wangu. Siku nne hakusimama. Nilimlambisha uji kwa kidole. Aliposimama, alitembea kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Kuku akipita puani kwake, anamwangalia tu. Pikipiki ikilia, hageuki.

Karibu miezi miwili baadaye kaka akaja tena. Mbwa alikuwa amelala mlangoni. Akajisogeza polepole kumpisha, akalaza kichwa chini. Kaka akafurahi, we! Akamchuchumalia, akampapasa masikio.

"Unaona, dada? Ndiyo vile mbwa mukubwa anakuwaga. Ametulia. Iko na adabu."

"Mukubwa gani, yaya?" nikamwuliza. "Iko na miezi sita."