Kisu Kinachonuka Nta

Asubuhi na mapema, kabla duka la vifaa vya ujenzi halijafunguliwa, Mama Makali ameshatandika gunia lake barazani na kuloweka kinoo kwenye ndoo. Anamwaga visu vya kukunja vilivyojaa kutu. Anaokota kimoja, anakifungua kwa ukucha wa dole gumba, anasikiliza springi.

"Hiki kizima," anasema. Kingine anakitupa pembeni. "Hiki kilishatangulia mbele ya haki."

Jina hilo alipewa na wateja, si kwa sababu ya ulimi wake, ingawa wapo watakaobisha. Hununua visu kwa mafungu kutoka kwa wauza vyuma chakavu, akavinoa, akavipaka mafuta na kuviuza kwa bei ambayo hata kibarua haimtoi jasho. Faida ya visu vitatu ndiyo chakula chake cha mchana. Kwa kazi hii amesomesha wanawe wawili tangu mumewe alipofariki.

"Vya siku hizi vinakata roho mapema," anamtania mwandishi aliyekuja kumhoji. "Hivi vya zamani chuma chake kina adabu. Ukikinoa, kinakubali."

Mpita njia anainama na kushika kisu kilichofungwa kwa uzi kwenye mguu wa kigoda cha Mama Makali.

"Hiki bei gani, shangazi?"

"Hicho hakiuzwi. Angalia hivyo vingine."

Utani wote umemwisha usoni.

Mwaka jana alikuja mwanamke mmoja akitafuta kisu cha marehemu baba yake, fundi viatu. Ndugu zake walikuwa wamegawana vitu vya mzee haraka haraka, na sanduku la zana likaishia kwenye vyuma chakavu. Muuza chakavu ndiye aliyemwelekeza hapa.

"Aliniambia, 'Mama, mpini wake ni wa mti, baba alichonga herufi mbili za jina lake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nazifuata kwa kidole, na yeye ananisubiri nimalize ndipo akate ngozi.'"

Mwanamke yule alivifungua visu kimoja kimoja. Kimoja alikishika kwa muda mrefu. "Kinafanana," alisema, "ila hiki ni kipya mno." Akakirudisha juu ya gunia, akashukuru, akaondoka. Hakuacha jina wala namba ya simu, na Mama Makali hakumuuliza, kwa kuwa wateja walikuwa wanamsubiri.

Mchana wa siku hiyo jua lilipolipiga gunia, harufu ikapanda. Ilikuwa ya nta, ile ambayo mafundi viatu hupaka uzi wao. Ilikuwa imeganda ndani ya mpini, pale ubapa unapolala, mahali ambapo msasa haufiki. Kisu kilikuwa kile kile alichokishika.

"Herufi nilizifuta mimi, jana yake tu," anasema. "Nilikuwa nimesugua mipini lundo zima, hata alipozitaja hazikunijia. Nilitaka ing'ae, iuzike. Nilimkimbilia na aproni yangu hadi kituo cha basi, sikumkuta, watu wakadhani nimeibiwa." Anafuta kinoo kwa kiganja. "Kumbe mwizi ni mimi."

Inamuuma mpaka leo, na hafichi. Tangu siku ile hagusi mpini wa kisu kwa msasa. Visu vyake vinaonekana vichafu kidogo, na mauzo yamepungua karibu nusu. Wenzake wanamcheka.

"Wacheke. Mimi natoa kutu. Jina la mtu siligusi tena."

Anaweka akiba ili akodi kibanda chenye mlango, visu anavyonunua vikae kwanza wiki kadhaa, pengine wenyewe watatokea, kabla hajavitia kwenye kinoo.

Mwandishi anapoaga, Mama Makali anamshika mkono.

"Usiandike sana habari zangu. Andika kwamba kisu kipo, na hakiuzwi." Anafikiri kidogo. "Na mwambie akija, asikitazame. Afumbe macho, akinuse."