Mashine ya Karanga na Vidole vya Mama

Kijana wa kusajili laini za simu aliyekaa chini ya mwavuli karibu na stendi ya Babati alimwambia mama aoshe mikono. Akaosha. Akamwambia aifute kwenye kanga. Akaifuta. Kile kimashine cha alama za vidole kikakataa gumba la kulia, kikakataa la kushoto, kikaendelea kukataa mpaka vidole vyote kumi vikaisha, na kijana akaitazama miguu ya mama kama vile anaifikiria.

"Mama, kwani unafanya kazi gani?"

"Nafunga karanga."

Simu ya mama ilikuwa imepotea sokoni, na alichotaka ni kurudishiwa namba yake ileile. Wateja wake wote, wenye maduka kuanzia Bonga hadi Maisaka, walimpata kwa namba hiyo tangu mimi niko shule ya msingi.

"Pumzisha vidole wiki tatu, ngozi itarudi," kijana alisema. "Ila usikae sana. Namba isipotumika huwa wanampa mtu mwingine."

"Nikivipumzisha, karanga atafunga nani?"

Aliuliza bila kulalamika, kama anayeuliza saa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na shahada yangu ya uhusiano wa umma, nikiwa tayari nimeshamwona akilini huyo mtu mwingine akipokea simu ya mwenye duka wa Bonga na kumwambia karanga zimeisha.

Mama hufunga karanga hivi. Anajaza kifuko cha nailoni, anakunja mdomo wa kifuko juu ya kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma, anaupitisha kwenye mwali wa mshumaa, kisha, kabla nailoni haijapoa, anaibana kwa gumba na kidole cha pili. Huko kubana ndiko kulikomaliza alama zake. Wanaofunga bila kubana, kwa maoni yake, wanauza karanga zilizolala.

Nikaamua kutengeneza mashine. Za dukani zipo, nazijua, lakini nilisoma maoni ya watu mtandaoni na mmoja akaandika kwamba yake ilimpiga shoti. Watu wengine wote waliisifia. Nikamwamini yule mmoja.

Kabla ya kugusa msumari nilifungua daftari na kuandika hatari zote nilizoweza kuzifikiria. Zilijaza kurasa nne. Ya kumi na saba ilikuwa kuku kuruka juu ya meza na kukanyaga swichi. Kwa sababu ya hatari namba moja mpaka sita, niliamua mashine isiguse kabisa umeme wa nyumba, itumie betri ya pikipiki. Kisha nikaenda Maisaka kwa fundi redio, mzee mmoja mpole anayefanya kazi huku akisikiliza redio anayoitengeneza.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti." Alisoma mchoro wangu kwa muda mrefu. "Hii ni ya kufunga karanga au ya kuruka nayo?"

"Ya karanga."

"Na hizi swichi tatu?"

"Moja ikigoma kuzima, kuna nyingine."

"Na ya tatu?"

Nikaikata ya tatu kwa kalamu. Alinipa kipande cha waya wa koili kutoka kwenye jiko bovu la umeme, fyuzi, na swichi moja ya kengele ya mlangoni. "Ukibonyeza, inawaka. Ukiachia, inazima. Hata kuku akikanyaga, atashuka."

Sikuwa nimemwambia habari za kuku.

Kazi yenyewe ilinichukua siku nne. Mbao mbili niliziunganisha kwa bawaba, zikawa kama mdomo. Juu ya ubao wa chini nikabandika kipande cha malumalu ili moto usiguse mbao, na juu ya malumalu nikanyoosha waya, ncha moja ikishikwa na springi ya kalamu, maana waya ukipata moto hurefuka na kulegea. Juu ya waya nikatandika kitambaa chembamba kisichoshika plastiki, nacho zawadi ya fundi. Nikibonyeza huku nikihesabu mpaka tano, nailoni inakatika. Nikibonyeza mpaka mbili, haishiki. Tatu ndiyo ilikuwa sawa. Niliandika "TATU" ubavuni kwa kalamu ya wino mzito.

Mama aliizunguka mara moja.

"Moto uko wapi?"

"Ndani, mama. Hauonekani."

"Mh."

Alifunga cha kwanza. Moja, mbili, tatu. Mstari ulinyooka, bila masizi, mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona nyumbani kwetu. Akakichomoa kifuko, na kabla sijapumua, akaubana kwa gumba na kidole cha pili, ukiwa bado wa moto.

"Mama, imeshafunga yenyewe."

"Naona."

"Sasa unabana nini?"

"Nahakikisha."

Kurasa nne, na mama sikuwa nimemwandika. Nilimwelekeza, akaitikia vizuri, akabana cha pili. Nilimletea glavu, akasema haoni kitu kwa glavu, ingawa hakuna anayeona kwa vidole. Kufikia kifuko cha thelathini nilielewa kwamba nimetengeneza mashine salama kwa watu wote isipokuwa mtu niliyemtengenezea.

Ikabaki njia moja, na haikuhitaji waya. Yeye angekaanga na kujaza. Mimi ningefunga. Kwa wiki tatu nilikaa jikoni kila alasiri nikihesabu moja, mbili, tatu, na mama, akiwa hana cha kubana, aliketi kwenye kigoda akinisahihisha. Majirani walipita wakamwambia, "Mama, naona msomi amepata kazi." Akawajibu, "Yuko kwenye majaribio."

Wiki tatu zilipotimia tukarudi stendi. Kijana akafuta kioo cha kimashine chake, mama akaweka gumba, na kitaa cha kijani kikawaka kwa mara ya kwanza. Namba yake ikarudi, nikamwekea laini kwenye simu yangu ya zamani. Kabla hatujaondoka, ikaita: mwenye duka wa Bonga, akiuliza kama tumefiwa.

Wakati mama anaongea, nikaona nisajili na mimi laini ya pili, maana ya kwanza hukosa mtandao pale kwetu Nakwa na kwa muda mrefu nimekuwa nikihofia kwamba waajiri wananipigia hapo hapo. Nikaweka gumba. Nyekundu. Nikaweka la pili. Nyekundu. Nikavitazama vidole vyangu vikiwa laini na vinang'aa, nikakumbuka kwamba kila kifuko, baada ya kuhesabu mpaka tatu, nilikuwa nakibana kidogo. Mstari ulikuwa umefunga, nilijua. Lakini mtu anajuaje?

"Dada," kijana akasema, "kwani unafanya kazi gani?"

Tangu nimalize chuo nimekwepa swali hilo kwenye sherehe, kanisani na kwenye foleni ya benki. Mama akaondoa simu sikioni kidogo ili asikie nitasemaje.

"Nafunga karanga," nikasema.