Baba Mkwe na Kigari Chekundu

Usiku ule mvua ilikuwa imeshika bati tangu jioni, mvua yetu ya Tukuyu isiyo na haraka, nami nililala na uchovu ule ambao usingizi hauuponyi. Pembeni yangu mume wangu, Ambakisye, alikuwa amelala chali, mkono wake wa kulia nimeulaza juu ya mto mdogo kama nilivyofundishwa hospitalini. Mkono ule haukuwa na nguvu. Kiharusi kilimpata asubuhi moja akifunga kamba za viatu aende kazini. Yeye aliyeendesha malori ya chai kwenye milima hii ujana wake wote na uzee wake, akawa mtu wa kuvalishwa shati.

Niseme kwanza habari ya kigari, maana ndoto yenyewe ilianzia hapo.

Binti yetu Tumpe, aliyeko masomoni ng'ambo, alituma boksi. Ndani yake mlikuwa na gari la plastiki la kuunga mwenyewe, likikamilika linakaa kwenye viganja viwili. Ni lile gari la zamani lenye mgongo wa mviringo, ambalo watu wa huku waliliita Kobe. Vipande vilikuja vimekwisha kupakwa rangi: bodi nyekundu, viti vyeupe, magurudumu meusi yenye vikombe vya kung'aa, vyote vimening'inia kwenye fremu nyembamba kama matunda kwenye kikonyo. Kazi ni kukwanyua kipande, kukiweka mahali pake na kukibana mpaka kilie "tak". Hakihitaji gundi wala brashi.

"Hilo ni la baba, mama," Tumpe aliniambia kwenye simu. "Afanyie mazoezi vidole. Nimechagua Kobe kwa ajili ya babu."

Siku ya kwanza Ambakisye alijaribu. Alishika gurudumu kwa vidole vyake vinavyotetemeka, likamponyoka, likabingirika mpaka chini ya kabati la vyombo. Nikaenda kuliokota, nikalibana mwenyewe. La pili likamponyoka. "Acha nikusaidie, Baba Tumpe," nikasema, nikalichukua. Kufika viti vya mbele, mimi ndiye niliyekuwa naunga na yeye anatazama. Kufika viti vya nyuma, hakuwa anatazama tena. Aligeukia dirishani.

"Malizia tu," alisema, kwa ule ulimi wake mzito.

Tangu siku ile hakukigusa. Na si kigari tu. Aliacha kijiko, nikawa namlisha. Aliacha kitana. Mwishoni akaanza kuacha hata maneno. Ukimuuliza jambo, anafumba macho. Yule dada wa mazoezi hospitalini alikuwa ameniambia kwamba mkono usiotumika husahau kazi yake, nami nilimwitikia. Lakini we mtazame mtu unayempenda akihangaika na kifungo cha shati, uone kama mikono yako itatulia.

Basi usiku ule nikaota.

Niko mezani, sebuleni kwetu, naunga Kobe. Ni mchana. Nina haraka sana, maana Tumpe atapiga simu na atataka kuona. Vidole vyangu vinakwenda vyenyewe, tak, tak, na kila nikibana kipande, fremu inachipua kingine. Ambakisye yuko kitini kwake lakini amekuwa mdogo, kama nguo iliyosahauliwa juu ya kiti. Simtazami. Naunga.

Ndipo nikausikia mlio.

Huo mlio siwezi kuukosea. Niliolewa katika ukoo unaoshika mila, na kwa mila zetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamwiti jina, hali chakula naye, hamtazami usoni. Akimsikia anakuja, anaacha njia. Baba mkwe wangu alikuwa na Kobe, la samawati iliyopauka, na injini yake ilikohoa kwa namna yake, ikipanda kilima utadhani inajibembeleza. Nikiusikia mlio ule nilikuwa natupa jembe naingia migombani, najifunika kitenge mpaka upite. Nililijua gari lake kuliko nilivyomjua yeye. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona uso. Hata siku ya kumzika nilimuaga kwa mbali, nimejifunika.

Lakini alinipenda, na nilijua. Usiku wa kuzaliwa Tumpe uchungu ulinishika vibaya, na hospitali ilikuwa mbali. Alimpa Ambakisye ufunguo wa gari anipeleke. Yeye, kwa kuwa hatukuweza kukaa gari moja, alitufuata kwa miguu kwenye matope. Alfajiri manesi walimkuta amesimama nje ya geti, amelowa, anauliza kama mkwewe yu salama. Walipomwambia yu salama, akageuka akarudi zake.

Mlio ule ukaja mpaka mlangoni, ukazimika.

Nikainuka nikimbie. Miguu ikakataa. Nikatafuta kitenge mabegani mwangu, hakipo. Nikaziba uso kwa viganja, na viganja vimejaa vipande vyekundu. Nikasikia hatua zikiingia, nikasikia harufu ya koti la mvua lililolowa. Kiti cha mbele yangu kikavutwa.

"Leo hapana, mwanangu," sauti ikasema. "Leo kaa."

Nikashusha mikono. Na nikamwona.

Hakuwa mkubwa kama nilivyodhani. Alikuwa mzee mwembamba, masikio yamemtoka, na alama ndogo chini ya jicho la kushoto kama aliyewahi kuchomwa na cheche. Macho yake yalikuwa na aibu. Nilishangaa sana, kwamba hata yeye ana aibu, kwamba miaka yote ile wakati mimi najificha migombani, huenda na yeye kule ndani ya gari alikuwa ameinamisha kichwa.

Akakitazama kigari. Akanyoosha kidole, akaligusa gurudumu la mbele, likazunguka.

"Hili ni la nani?"

"La mwanao, baba," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.

"Mbona limo mkononi mwako?"

Nikavitazama vipande viganjani. Yeye hakukasirika. Alikaa tu akisubiri, na maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake hadi sakafuni, na sakafu ikawa udongo mwekundu, na meza haipo, na tumesimama kwenye barabara ya mashamba ya chai.

Kobe liko mbele yetu, kubwa sasa, la kuingiwa na watu. Si jekundu. Ni lile lake la samawati. Nyuma ya usukani yuko Ambakisye, kijana wa miaka ile nisiyoijua, kabla hajanioa, shingo nyembamba, jasho linamtoka. Anajifunza. Gari linaruka kama mbuzi, linazimika. Analiwasha. Gia zinasaga meno. Linaruka tena, linakwenda upande, linasugua ukingo wa barabara, na chai inakwaruza milango. Nikataka kupiga kelele. Nikataka kukimbia niushike usukani.

Nikamtazama baba mkwe, aliyekuwa amesimama nami; kumbe hayuko nami, yuko ndani ya gari, kiti cha pembeni. Na amekaa kwa namna ya ajabu. Amekaa juu ya mikono yake. Viganja vyote viwili ameviweka chini ya mapaja, ameviminya huko kwa uzito wa mwili wake, na meno ameyauma.

Gari likatufikia likiyumba. Kioo kimeshushwa. Akaniambia akipita:

"Unaona? Vinginevyo ningemnyang'anya."

"Hukuogopa, baba?"

"Niliogopa kuliko yeye."

Gari likapita. Likaenda likikohoa, likaingia kwenye kona, na pale konani likanyooka. Likanyooka vizuri kabisa, likapanda kilima, na mlio wake ukawa laini, na nikasikia kijana akicheka humo ndani. Kicheko kile. Nilikuwa sijakisikia tangu siku ya kamba za viatu.

Nikaanza kulifuata kwa miguu. Mvua inanyesha, matope yananishika, nami nafuata tu, nikijua kwamba sitalifikia na kwamba haidhuru. Mbele yangu, kwenye kioo kidogo cha nyuma, macho ya yule mzee yananitazama bila kukwepa. Nami simkwepi.

"Mpe mikono yake," aliniambia. Sijui aliniambiaje kutoka mbali vile, lakini nilimsikia kama yuko sikioni.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua imekatika, na kwenye migomba majogoo ya jirani yanabishana. Mikono yangu yote miwili ilikuwa chini yangu, imekufa ganzi, ikabidi niitoe mmoja mmoja na kuitikisa. Ambakisye alikuwa macho. Alikuwa akitazama dari, kama kawaida yake siku zile.

Nilikwenda sebuleni, nikakichukua kigari kwenye rafu, nikaanza kukibandua. Viti nikavitoa. Mlango niliokuwa nimeubana nikaubandua. Magurudumu yote nikayachomoa kwenye ekseli, vile vijiti vyake. Nilipomaliza nikavitandaza mezani juu ya kitambaa cheupe visiteleze, nikamleta Ambakisye, nikamkalisha. Uji ulikuwa tayari. Niliweka bakuli mbele yake, na kijiko upande wa mkono wake, sio upande wangu.

Akatazama kijiko. Akatazama vipande. Akanitazama mimi.

"Baba amekuja," nikamwambia.

"Baba yupi?"

"Baba yako. Usiku huu."

Akautazama mlango. Halafu akauliza, pole pole, akilitafuta kila neno, "Ulijificha?"

"Sikujificha. Kanikataza. Nimemwona uso, Baba Tumpe. Ana alama hapa." Nikagusa chini ya jicho langu la kushoto.

Akagusa na yeye chini ya jicho lake, kwa mkono mzima. Mimi sikuwahi kuambiwa habari ya alama ile na mtu yeyote, wala sikuwa najua kama ni kweli ipo. Pale pale nikajua. Chozi lilimtoka jicho moja, lile la upande mzima, likashuka hadi kidevuni, na sikulifuta. Ilikuwa kazi ngumu kuliko unavyofikiri, kuacha chozi la mume wangu lishuke lenyewe.

Nikamsimulia yote: koti la mvua, barabara ya chai, gari kuruka kama mbuzi. Nilipofika pale mzee alipokalia mikono yake, Ambakisye akainua kichwa.

"Nilidhani..." akasema. Akapumzika. "Nilidhani hajali. Nagonga, yeye kimya. Nagonga, kimya."

"Alikuwa anaogopa."

"Baba?"

"Kaniambia mwenyewe. Alikuogopea kuliko wewe ulivyoogopa."

Akafikiri. Kisha mkono wake wa kulia ukatoka mapajani, ukapanda mezani ukijiburuta kama mtu anayepanda kutoka mtoni. Ukafika kwenye gurudumu. Vidole vikalifumbata, vikaliacha. Vikalifumbata tena. Likaponyoka, likaanguka sakafuni karibu na mguu wangu. Ningeweza kuliokota bila hata kuinama sana.

Sikuliokota.

Aliinama yeye. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akashuka kidogo kidogo, nami nikiona namna atakavyoanguka, nikiona kichwa chake kikigonga sakafu, nikiona kila kitu kibaya kinachoweza kutokea kwa mtu mmoja katika chumba kimoja. Uji ukapoa. Jirani alipita dirishani akasalimia, hakuna aliyemjibu. Hatimaye akainuka, uso umemwiva, na gurudumu limo kati ya kidole gumba na kile cha pili.

Akalipeleka kwenye ekseli. Likakosa. Akalipeleka tena, likakaa upande. Akalisukuma kwa kiganja, kwa bega, kwa mwili wake wote, kama anayesukuma lori lililokwama.

Tak.

Tulitazamana. Gurudumu lilikuwa limepinda kidogo, linaonekana wazi. Na mume wangu akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa sana bila kazi, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakifungua kiganja chake juu ya meza, akakisukuma kuelekea kwangu.

"Lete lingine," akasema.