Msichana wa Banda la Brashi

Kwaru, kwaru, kwaru. Ni sauti ya panga butu likiparua jani la mkonge juu ya ubao. Naisikia vizuri hata sasa ninapoandika. Najua wapo watakaosema niliota, maana mimi ni mtu wa kuota mchana na wenzangu hunitania kwa hilo. Sawa. Lakini hili sikuliota wala sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, jua halijazama, na macho yangu ni mazima.

Nimelelewa na Bibi Zena, mama mzazi wa mama yangu, hapa Kimamba, Kilosa. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba simjui. Kwa hiyo nikisema Bibi, uelewe kwamba nasema mama, baba na ukoo mzima.

Nje kidogo ya mji kuna shamba la zamani la mkonge. Jumba la meneja bado limesimama. Nyuma yake kuna kuta za kambi ya manamba, wale vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali, na banda la brashi, pale singa, zile nyuzi za mkonge, zilipokuwa zikichanwa na kusafishwa. Siku hizi ni eneo la kumbukumbu, na kikundi chetu kinaendesha mafunzo pale kwa msimu. Kabla ya masika tunafundisha kujaza udongo kwenye viriba na kuotesha miche. Mvua zikikatika tunafundisha kusokota kamba na kusuka vikapu. Wanakuja watu wa Zombo, wa Kidodi, mpaka wageni waliopitiliza kutoka Mikumi. Mimi ni wa miche. Shule niliishia kidato cha pili, lakini mpapai ukiwa na njaa naujua kwa kuuangalia tu, na ndoto yangu ni kuwa na kitalu changu kando ya barabara kuu pale Mikumi, abiria wa mabasi washuke kununua. Bibi ndiye alikuwa mwalimu wa kamba.

Mwaka yalipotokea haya Bibi alikuwa ametoka kuumwa kifua. Hospitali walisema apumzike, asichoke. Yeye akasema akikaa ndani atakufa kwa kuangalia ukuta. Basi nikawa namfuata kila anapokwenda kama kifaranga, nasikiliza anavyopumua. Hofu yangu ilikuwa hiyo moja tu: Bibi akiondoka, mimi nabaki na nani?

Ilikuwa kipupwe, mawingu yamelala chini tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kuacha. Bibi alikuwa amekaa kwenye gunia akiwaonyesha watu kusokota. Ukimtazama ungeshangaa. Watu wote husokotea paja la kulia, wakisukuma singa kwenda gotini. Yeye alisokotea paja la kushoto, akivuta kuja tumboni. Alisema mama yake aliwafundisha hivyo yeye na dada yake tu, na wanafunzi wasimwige, watajichanganya. Shija, kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe huko Zombo, akainua kamba yake iliyopinda na kuuliza kama inafaa kumfunga fahali.

"Inafaa," Bibi akamjibu. "Mradi fahali mwenyewe awe hataki kuondoka."

Tulicheka sana. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka siku ile.

Manyunyu yalipozidi watu wakaondoka mapema. Bibi akaenda kuswali Alasiri barazani pa lile jumba la meneja. Mimi nikabaki nafunika miche, na hapo ndipo nikasikia kwaru, kwaru kutoka banda la brashi. Nikajua kuna mwanafunzi amesahaulika. Wewe ungewaza nini kingine?

Nikamkuta msichana. Umri kama wangu, pengine ananizidi kidogo. Kajifunga kanga iliyopauka hata maua hayaonekani. Alikuwa anaparua mkonge kwa panga butu, mikono bila kinga, utomvu umemfika viwikoni, na utomvu ule unawasha kama upupu, niamini. Yeye hakujikuna hata mara moja.

"Mambo, dada," nikamsalimia.

Akaacha kuparua, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie ulichokianza. Nilipokaa kimya akarudi kwenye kazi yake.

Nikadhani ni aibu ya ugeni, nikachutama karibu yake. Akachukua singa, akaziweka kwenye paja la kushoto, akaanza kuvuta kuja tumboni. Kamba ikatoka nyembamba, laini, kama imepita mashine. Jamani, nilifurahi kama mjinga. Nikawaza, kumbe yupo mtu mwingine anayejua, basi Bibi apumzike nyumbani na huyu afundishe! Nikamuuliza amefundishwa na nani. Akasema mama. Nikamuuliza mama yake anakaa wapi.

"Hapa," akasema. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu yuko wapi? Yule anayevuta kama mimi."

Mimi nikaelewa nini? Sikuelewa kitu. Nikamwambia hapa anayevuta hivyo ni Bibi yangu peke yake, nikatoka mbio kumwita. Nilimwita mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Bibi alikuja taratibu na mkongojo wake. Msichana alikaa vilevile, hakuinuka, hakuamkia. Kwetu hilo ni kosa kubwa. Binti mzima unamwona bibi kizee anaingia na unanyamaza? Nikaona aibu kwa niaba yake.

"Dada, mwamkie Bibi," nikamwambia.

Bibi akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Mkongojo ukaanguka. Halafu Bibi yangu, asiye na jino la mbele, anayeamkiwa na mtaa mzima, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya yule binti.

"Shikamoo, dada Mwajuma."

"Marahaba, Zena. Umekawia."

Nilijua habari za Mwajuma, kila mtu nyumbani anazijua. Ni dada yake Bibi, alitumwa kuanua singa hapa hapa shambani siku Mto Mkondoa ulipofurika, na hakuonekana tena. Walimwekea matanga bila mwili. Bibi alikuwa bado mtoto mdogo, ndiyo kwanza amejua kusokota.

Msichana akainyoosha ncha ya kamba. "Shika twende. Mama anatusubiri."

Na Bibi akanyoosha mkono. Usidhani alilazimishwa. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtoto aliyeitwa kula. Nikamng'ang'ania kiunoni, nalia. Bibi akasema pole pole, macho hayamtoki dada yake, "Dada, nina huyu mtoto. Sina wa kumwachia."

Msichana akanigeukia. Akanitazama tena vilevile, kwa kusubiri. Ndipo akili ikanijia. Yule ni mkubwa wa Bibi yangu. Ni bibi yangu pia, na mimi nilimsalimia mambo, kama mwenzangu!

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

Akaishusha ncha ya kamba. Sijui ni muda gani ulikuwa umepita bila mtu kumwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. Akaizungusha kamba kiganjani mwake taratibu. "Haya. Mpaka mvua zirudi."

Akainuka akapita ukutani palipobomoka, kuelekea mkongeni. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na kanga yake haikulowa. Nilimkokota Bibi mpaka barabarani, tukapata bodaboda. Njia nzima alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile liliniumiza kuliko kilio.

Tangu siku hiyo kifua chake kilipona kabisa. Alilima, aliimba, alinifundisha kuvuta kamba kwa paja la kushoto. Mimi nilikuwa natazama mawingu tu. Watu wa Kilosa wote walikuwa wanaomba mvua, na mimi peke yangu nilikuwa naomba isinyeshe. Ilinyesha mchana. Bibi alioga, akavaa kanga safi, akasema anajinyoosha kidogo. Nilipompelekea chai hakuamka.

Sasa pale mafunzoni namwamkia kila nisiyemjua, hata akiwa binti mdogo. Wananicheka, wanasema nimechanganyikiwa. Na wewe unayesoma, ukifika mahali pa zamani ukakuta mtu anafanya kazi peke yake, usidanganywe na sura. Mpe shikamoo yake kwanza. Na ukiwa na mzee unayempenda, usimwite aje kuona.

Ndugu walipomaliza matanga wakaondoka. Jioni ile nilisonga ugali, na nilipoupakua nikagundua nimesonga wa watu wawili. Nikakaa jikoni, nikaula wote, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa tupu.