Babu Yangu na Farasi wa Miguu Mitatu

Mwanangu, nilipokuwa na umri wako niliamini kwa moyo wangu wote kwamba babu yangu mzaa baba alifyeka mapori ya Marekani. Binamu zangu waliniapia kuwa shamba lake lilikuwa kubwa hivi kwamba waliolima upande wa pili walisherehekea Idi siku mbili baada yetu.

Ushahidi ulikuwa picha. Babu kasimama na kanzu yake. Nyuma yake gari la farasi lenye turubai, na ngano mpaka macho yachoke. Picha hiyo nilitoka nayo Tanga hadi hapa Johannesburg. Nakumbuka siku moja, katika shule ya usiku kule Marshalltown, mwalimu alifungua kitabu cha wakulima wa kwanza walioelekea magharibi ya Marekani, na gari lilelile likanitazama. Nikasimama. "Mwalimu, hao ni watu wetu." Darasa lilicheka mpaka nadhani robot, zile taa za barabarani, zilibadilika rangi zenyewe.

Basi nikaanza kusaka ukoo. Nilipeleka barua Marekani nyingi kiasi kwamba karani wa posta alinizoea kuliko mumewe. Hakuna aliyejibu. Na shangazi yangu Mwanaidi, aliyekuwa Muheza, nilimpigia kila Idi bila kumuuliza hata jina moja. Mama wa jembe yule, nilijiambia, atajua nini habari za Marekani?

Kisha nikampenda Rehema wa Fordsburg. Alizaliwa hapahapa, lakini babu yake, Mzee Shomari, ni wa Tanga. Sikuwa na mzee wa kunisemea, kwa hiyo siku ya posa niliingia mwenyewe na mshenga wangu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Kijana, watu wako ni akina nani?" Mzee akauliza.

Nikatoa picha. "Babu yangu alilima Marekani, mzee wangu."

"Marekani ipi?"

"Ileile."

Akaisogeza picha karibu na miwani, akaagiza sanduku lake. Humo akatoa picha yake ya ujanani: gari lilelile, ngano ileile, na farasi yuleyule mwenye miguu mitatu, maana vyote vilichorwa kwenye pazia la studio ya picha, na mchoraji aliishiwa nafasi.

"Kumbe tulikuwa majirani," akasema. "Nina shamba Marekani na hakuna aliyeniambia."

Mshenga alijifunika uso kwa kofia. Mimi nilitamani zulia linimeze. Mzee akaacha kucheka. "Kuchekana tumemaliza. Niletee majina ya watu waliokuzaa na ardhi waliyoilima. Mjukuu wangu simpi mtu asiyejua alikotoka."

Nilitoka pale nikienda mbio hadi kwenye kontena la simu za kulipia, nikaomba shangazi aitwe dukani kwa jirani yake. Nikamuuliza. Eish, mwanangu, yule mama alifunguka. Alinitajia watu tisa, nani alizaliwa na nani, nani alizikwa wapi, na vile babu na bibi walivyolala juu ya dungu kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, kabla pale hapajawa na nyumba hata moja. Niliandika mpaka mkononi.

"Shangazi, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaniuliza hali ya mvua tu, baba."

Nilirudi Fordsburg na majina tisa. Mzee Shomari aliyasikiliza yote, kisha akamwambia mshenga sasa tuzungumze. Rehema ndiye huyu mama anayewagombeza kwa Kiswahili nanyi mkimjibu kwa Kizulu.

Siku hizi mnasaka koo zenu kwenye simu. Sharp, sakeni. Lakini anza na aliye hai, mwanangu. Muulize shangazi yako leo, wala usipime kwa jembe lake kile anachokijua. Andika majina akiwa bado ana pumzi za kuyataja. Mungu awape wazee wenye kumbukumbu, awape na subira ya kuwasikiliza, na watoto wenu wasikose wa kumuuliza.

Na mtu akiwaambia babu yetu alilima Marekani, mjibuni kama shangazi alivyonijibu mimi: "Lile lilikuwa pazia la mpiga picha. Babu yako alifyeka pori la hapa Muheza, bibi yako akiwa mbele na panga, na shamba lenyewe ndilo nililotoka kupalilia sasa hivi."