Nyumba ya Mtendeni na Mlima wa Ngazija

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Mwanza kunieleza kwamba amepata mtu wa kuinunua nyumba ninayoishi. Hakuniuliza kama naiuza. Alisema mnunuzi ni mtu mstaarabu, anataka kujenga gesti ya ghorofa, na mimi nitatafutiwa vyumba viwili vizuri kule Ipuli. Nilimwacha amalize, kisha nikamwambia nina safari, tutaongea nikirudi.

"Safari ya wapi tena, mdogo wangu? Si umestaafu?"

"Naenda Ngazija. Naenda kupanda mlima wa moto."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sikio la kufa," akasema, akakata simu.

Nyumba yenyewe iko Mtendeni, hapa Tabora. Kuta zake ni za udongo, nene, na bati liliwekwa baadaye sana. Aliijenga babu wa mama yangu, Mngazija aliyefika huku na msafara enzi ambazo watu walitoka pwani kwa miguu. Tulivyosimuliwa, mzigo wake wa mwisho aliutua hapa jirani, Kwihara, akaoa binti wa Kinyamwezi, na habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Walizaa mtoto wa kiume na wa kike. Nyumba akampa wa kike. Huyo naye akampa binti yake, ndiye mama yangu, na mama akanipa mimi akiwa mzima wa afya, majirani wakishuhudia.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Kwa watu wa mji wetu, mwanaume mwenye akili timamu hawezi kumpa binti nyumba na mtoto wa kiume yupo. Ikatafutwa sababu, na haikutafutwa mbali: alilishwa limbwata. Bibi yetu yule wa Kinyamwezi, ambaye hakuna aliye hai aliyepata kumwona, ametukanwa kizazi baada ya kizazi kwamba alimpikia mumewe dawa akampumbaza. Nilipokuwa mdogo wenzangu waliogopa kula kwetu. Na kaka, pamoja na usomi wake wote, aliugeuza umbea huo kuwa hoja: mtoaji hakuwa na akili zake, kwa hiyo nyumba haikutolewa kamwe, ni mirathi, na mirathi hugawanywa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Nimechora volkano ubaoni mpaka mkono ukaizoea: tumbo la moto chini, shingo, kreta juu, mishale ya rangi nyekundu. Sikuwahi kukanyaga hata moja. Na miaka yote hiyo kisiwa alichotoka babu kilikuwa volkano, kimesimama baharini, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyefunga safari kwenda kuuliza huko kwao watu wanaishije. Tuliridhika na limbwata. Lilinichoma hilo kuliko hata simu ya kaka.

Basi nikapanda treni hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo ndege, na dumu la asali ya misitu yetu kwenye begi. Majirani walinionya kwamba kwa umri wangu magoti yatanishinda. Niliwajibu kwamba magoti ni yangu.

Ngazija ni nyeusi. Picha hazikuwa zimenitayarisha kwa weusi ule. Ufuko mweusi, kuta za mashamba nyeusi, na barabara inapita juu ya mawe yaliyowahi kuwa uji wa moto, ukashuka kutoka juu ukamezwa na bahari. Vitabu vyetu vinauita zaha. Niliomba gari lisimame, nikachutama nikalishika jiwe. Lilikuwa na matundu mengi, na jepesi kuliko nilivyowafundisha wanafunzi. Pembeni yake mnazi ulikuwa umeota kwenye ufa, umenenepa bila aibu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kisiwa kizima hakina mto. Sisi Tabora tunahesabu mawingu kuanzia Oktoba tukiomba mvua. Wao mvua wanapata, tena ya fujo, lakini ardhi ile inainywa yote palepale. Ndiyo maana nyumba nyingi zina birika la mawe la kukinga maji ya paa, na mtu haulizwi utajiri wake kabla hajaulizwa birika lake.

Mji wa babu tulikuwa tunaujua kwa jina, na ukoo wake pia. Nilipoutaja ukoo huo sokoni, niliongozwa moja kwa moja hadi kwa mama mmoja mzee, wa uzao wa dada yake babu. Utoto wake ulikuwa wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilinishinda mimi kwa utamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mashavu akaniangalia muda mrefu. Ile asali aliionja kwa kidole kabla sijaketi.

"Karibu nyumbani kwangu," alisema.

Nikamuuliza, kwa adabu tu, nyumba aliijenga mumewe?

"Mume wangu?" Alicheka kwa sauti. "Mume wangu alikuja hapa na sanduku la nguo."

Nilidhani ni utani wa mke na mume. Sikuuelewa mpaka nilipokuwa mlimani.

Aliyenipandisha Karthala, mlima wao wa moto, ni mdogo wake wa kiume, mtu wa umri wangu, aliyekuwa akienda mbele na fimbo na kunisubiri bila kuonyesha kwamba ananisubiri. Tulipita migomba, tukapita msitu wenye ukungu ambao miti yake imefunikwa ukoga wa kijani, tukatokea kwenye vichaka vya kijivu vilivyopinda kwa upepo. Njiani alinisimulia mwaka ambao mlima ulitema majivu. Mchana uligeuka giza, watu wakafunga nyuso kwa kanga, na mabirika yote yakaingia tope. Kiu ikaingia mjini.

"Nikatafuta koleo, nikaenda kusafisha birika la dada," alisema.

"La kwako je?"

"Mimi sina birika. Naishi kwa mke wangu. La kule lilisafishwa na kaka yake." Akaniona nimesimama. "Kwani kwenu si hivyo?"

Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda msikitini. Nyumba kwao hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Haiuzwi, kwa sababu aliyemo ameipokea kwa ajili ya atakayezaliwa. Mwanaume huoa, huingia kwa mkewe, au husafiri, na wanaume wa kisiwa kile wamesafiri tangu zamani: Unguja, Bukini, Ufaransa, bara. Wengine hawarudi. Ila kwa nyumba ya dada yake kila mwanaume ana kazi moja, kuilinda. Baba anayejiheshimu humjengea binti.

Nilifika juu magoti yakilia. Kreta ilikuwa mbele yangu, shimo ndani ya shimo, kuta zake zimepasuka, mvuke ukitoka kwenye nyufa na harufu ya yai viza ikinipanda puani. Huo ndio mlima nilioubeba kwa chaki maisha yangu yote. Nilipaswa kufurahi. Nililia kwa hasira. Babu yetu hakupumbazwa na mtu. Alitembea nchi nzima akiwa na desturi ya kwao kichwani, akafika Unyanyembe, Tabora yetu hii, akamjengea binti yake kama mwanaume yeyote wa heshima. Na sisi tulimlipa mkewe kwa kumwita mchawi.

Nilirudi Tabora, nikaitisha kikao mwenyewe. Kaka alikuja na gari lake, binti yangu akaja kutoka Dar es Salaam, na majirani watu wazima nikawaketisha sebuleni kama mama alivyowaketisha. Niliwasimulia yote, birika, koleo na majivu, na kazi ya mjomba ya kuilinda nyumba ya dada yake. Kaka alisikiliza akichezea funguo.

"Hayo ni ya Ngazija," alisema. "Hapa ni Tabora."

"Babu naye alikuwa Tabora alipoitoa."

"Unajipalia makaa. Nitakwenda mahakamani. Ukifa kesho, nyumba hii itagawanywa tu."

"Ndiyo maana sisubiri kesho." Nikawageukia majirani. "Ninyi ni mashahidi. Kuanzia leo nyumba hii ni ya binti yangu. Mimi sina nyumba."

Binti yangu alishika mdomo. Kaka alisimama. "Una wazimu? Na wewe utakaa wapi?"

"Hapahapa, kwa binti yangu. Mama alikaa kwangu humu humu mpaka tukamzika, na hukuuliza hata siku moja anakaa wapi."

Aligeuka, akaelekea mlangoni na funguo mkononi. Kwangu pia haikuwa rahisi, kwa sababu kutoa kitu chako chote si maneno ya kikao. Nilimwangalia binti yangu. Alikuwa anaitazama sebule ukuta kwa ukuta, kama mtu aliyeingia humo kwa mara ya kwanza. Kisha akamwendea mjomba wake na kumzuia njia ya mlangoni, kwa heshima, mikono yote miwili mbele.

"Mjomba," alisema, "bati la chumba cha nyuma linavuja."

Kaka alimtazama, akanitazama mimi. Akarudisha funguo mfukoni.

"Linavuja upande upi?" akauliza.