Nyumba ya Bobi

Enzi zetu mtoto hakuulizwa angependa kulala wapi. Nilifika Kola nikiwa na miaka tisa, nimetoka Kitale siku mbili juu ya magunia ya mahindi, lori likipumzika kila mlima, kisha nikatembea kutoka barabarani na sanduku la bati kichwani. Mama alikuwa amenituma kwa babake, ambaye sote tulimwita Umau, nikae mpaka Krismasi. Nikapewa ngozi ya ng'ombe jikoni, kati ya kuku na moshi.

Wiki hiyohiyo Umau alimjengea mbwa nyumba.

Alimlaza Bobi chini, akampima kwa kamba ya katani kutoka puani mpaka mkiani, akafunga fundo. Akakata mbao, akaugeuza mlango usitazame upepo, akapigilia mabati mapya. Mabati! Jikoni kwetu paa lilikuwa la nyasi, tena lilivuja. Harufu ya mbao zile iliniuma rohoni.

"Umau, na mimi?"

"Wewe ni mgeni," alisema, misumari mdomoni. "Mama yako anakuja kukuchukua. Bobi anaenda wapi?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, nyumba, la. Krismasi ikapita, na nyingine, na nyingine. Mvua ikinyesha nilijipenyeza kwa Bobi, magoti kidevuni, naye akinisukuma kwa mgongo kama anayedai kodi. Susu, nyanya yangu, alinivuta mguu.

"Toka huko! Unataka Kola yote iseme tunakulaza na mbwa?"

Tangu hapo nimelala Thika, Voi, Eldoret, na sasa nimepanga chumba Mumbuni. Juzi alikuja mpwa wangu kutoka Syokimau, ambako mbwa wake ana godoro, blanketi ya maua na, vijana wa siku hizi, keki ya kuzaliwa. Akasimama mlangoni kwangu.

"Anko, hii si ni nyumba ya mbwa?"

Nilicheka. Laiti ingekuwa. Katika miji yote hiyo, hakuna mwenye nyumba aliyenipima mgongo kabla ya kunipa ufunguo.

Nilipimwa mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Umau aliniita, akaniambia nilale chini, akanyoosha kamba ileile kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo. Jioni alichimba mashimo manne kando ya nyumba kubwa. Furaha ilininyima usingizi.

Siku ya tatu Mama akafika, amepata kazi, ameninunulia shati. Nguzo zilikuwa zimesimama, paa bado.

"Mama, tungoje mabati tu."

"Basi halingoji mabati."

Umau alinibebea sanduku mpaka langoni. Nilipogeuka mara ya mwisho, Bobi alikuwa ameiacha nyumba yake, amelala katikati ya nguzo zangu nne, amejinyoosha.